Mwaka wangu wa muziki, masikio yakiwa yanalia

Zile programu za kusikilizia muziki zina kamchezo kao, ikikaribia Krismasi zinakutolea hesabu ya mwaka mzima, umesikiliza dakika ngapi, msanii wako namba moja nani, halafu watu wote wanapost status wanatambiana. Mimi miaka yote nilikuwa natamba. Hapa Sakina, Arusha, wananijua, ukitaka kujua nani katoa ngoma jana usiku unaniuliza mimi, na namba moja wangu alikuwa habadiliki, ni Joh Makini au G Nako, marapa wa kundi letu la Weusi, chalii wa Arusha atakuwa na namba moja gani tena. Mwaka huu hesabu imekuja dakika zimeshuka zaidi ya nusu na namba moja ni bendi ambayo ndugu walioianzisha walifariki hata darasa la kwanza sijaanza. Mshkaji akaniuliza simu nimempa mzee gani aitumie.

Sijampa mtu. Ni masikio. Na kwa kuwa tangu niwasimulie watu wawili watatu kila mtu anakuja na "hata mimi yangu hulia lia hivi ni kawaida?", naandika yote hapa mara moja, maana nimechoka kurudia na voice note.

Ilianzia mkesha wa mwaka mpya. Kulikuwa na shoo kubwa hapa mjini, kiwanja sikitaji, spika zimepangwa kama ghorofa na sisi tumewahi tukajipanga mbele kabisa upande wa kushoto, yaani ukinyoosha mkono unagusa spika. Kwa shabiki hapo ndo VIP. Besi ilikuwa inatikisa hadi shati, tunapiga kelele, tunafurahi, saa nane usiku natoka pale naona watu wanaongea midomo inaenda ila sauti inakuja kwa mbali, kama nina pamba masikioni. Nimefika geto nimelala nasikia nziiiii, ile sauti ya TV za chogo ukiiwasha usiku nyumba nzima imelala. Asubuhi ipo. Jioni ikapungua, keshokutwa yake ikapotea kabisa, nikasahau.

Hapo ndo wengi tunapopigwa. Sikio likizima hivyo likarudi unasema limepona, kumbe lilikuwa linakuonya. Nimekuja kuelezwa baadaye kwamba kuna ule uziwi wa muda, unaweza kukaa masaa au siku moja mbili ukaondoka, na kila ukiurudia rudia kuna kidogo ambacho hakirudi. Sasa mimi shoo nimeanza kwenda tangu enzi za kundi la Nako 2 Nako, miaka mingi nyuma, zidisha mwenyewe.

Mwezi wa tatu ikawa ukumbi, tena mdogo, wa ndani, bati juu na tiles chini, dijei kafungulia mpaka sauti inapasuka. Nikakaa mpaka mwisho kwa sababu kiingilio kilikuwa elfu ishirini na siwezi kuacha elfu ishirini yangu ikiimba peke yake. Nikarudi na ile nziii, nikajua keshokutwa itaondoka. Haikuondoka. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha.

Niseme ukweli jinsi inavyokuwa maana mtu ambaye haijampata anaona ni kitu kidogo tu. Mchana dukani (nauza spea za magari mtaa wa Unga Ltd) huisikii sana, kuna magari, kuna mafundi wanagonga, wateja wanabishana bei ya bushi. Shida ni usiku. Ukizima taa na kila kitu kikanyamaza yenyewe ndo inapanda, na huwezi kuikimbia maana haiko chumbani, iko kichwani. Unageuka upande, ipo. Unaweka mto juu ya kichwa ndo unaiongezea. Nikawa nalala saa tisa saa kumi, asubuhi nafika dukani macho mekundu, bosi anadhani nakunywa. Na wazo lililokuwa linanitesa kuliko usingizi ni kwamba nitausikia muziki na huu mlio juu yake maisha yote. Kuna usiku nilikaa kitandani nikalia, mtu mzima na ndevu zangu, nalilia kitu ambacho hata ukimwonyesha mtu hakionekani.

Halafu ushauri sasa! Jirani akasema mafuta ya nazi ya moto. Mwingine kitunguu saumu utwange ukamulie humo. Mama yuko Kibosho, nikampigia, kitu cha kwanza akauliza, "Mwanangu, umekunywa kwinini?" Nikacheka, ila alikuwa na maana yake, watu wa umri wake walitibiwa malaria kwa kwinini na wanajua vizuri masikio yanavyolia ukiwa kwenye dozi. Na kweli kuna dawa zinagusa masikio. Kwinini ni moja, aspirini ikiwa nyingi nayo, na zile sindano za gentamaisini zinaweza kuharibu kabisa. Kwa hiyo ukienda hospitali taja kila dawa uliyotumia karibuni, hata ya kununua duka la dawa bila cheti, ila usijiachishe dawa uliyoandikiwa kwa sababu umesoma kitu mahali, muulize aliyekuandikia.

Mafuta sikuweka. Nilichofanya ni kwenda zahanati moja, sitaitaja, wakaniandikia vidonge vya antibayotiki na dawa ya matone bila hata kuchungulia sikio kwa kile kitochi chao. Nimemaliza dozi, nziii iko pale pale. Nikarudi nikabadilishiwa matone. Kwa hiyo kama unakwenda kwa ajili ya sikio na mtu hajalichungulia, omba kwa heshima alichungulie, ndo kazi ya kile kifaa. Inaweza kuwa nta imeziba tu wakaitoa ukapona siku hiyo hiyo, inaweza kuwa usaha, inaweza kuwa kama mimi ambapo matone hayana cha kufanya. Na vile vijiti vya pamba acha, vinasukuma nta ndani, mimi nilikuwa natumia kila nikitoka kuoga najiona msafi.

Mwezi wa tano dada yangu akasema twende KCMC, ile hospitali kubwa ya Moshi. Nikapanda kosta asubuhi na mapema, Arusha mpaka Moshi ni kama kilomita themanini lakini kwa vituo vile unajua mwenyewe, nikashuka nikachukua boda. Jiandae kukaa foleni, beba chakula, na usipange kazi nyingine siku hiyo. Mimi sina bima, nililipa keshi, na ukijumlisha kumuona daktari, kipimo, nauli na kula, zilinitoka kama laki na kidogo. Inauma. Ila viingilio vyangu vya mwaka juzi ukivijumlisha vinalipia hiyo safari mara kadhaa na chenji inabaki.

Kipimo chenyewe wala hakiumi. Unaingia kachumba kadogo kametulia ile ya kutisha, wanakuvalisha hedifoni, unapewa kitufe, kila ukisikia kamlio hata kama kako mbali sana unabonyeza. Kalianza nikabonyeza, kakashuka, nikabonyeza, halafu kukawa na kimya kirefu, nikawa najiambia labda amekwenda kunywa chai. Hakwenda. Alikuwa anapiga milio myembamba ya juu na mimi siisikii. Nilipotoka akanionyesha mchoro, mstari unaenda vizuri halafu ukifika kwenye herzi elfu nne, kwenye sauti nyembamba, unazama shimoni, kisha unapanda kidogo. Daktari, dada mmoja mpole sana, akasema, "Kaka, shimo likiwa hapa mara nyingi ni kelele. Unafanya kazi kiwandani?" Nikamwambia hapana dokta, mimi ni shabiki wa muziki. Akanitazama kidogo akaandika.

Akanielewesha, na alinielewesha vizuri kuliko mtu yeyote. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo, hizo ndo zinapokea mtikisiko wa sauti zinaugeuza kuwa taarifa ya kupeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa inazilaza, zikilazwa sana zinakufa, na kwa binadamu zikifa haziotei tena. Ubongo ukikosa taarifa za eneo lile unaanza kujitungia, ndo ule mlio. Nikamuuliza dawa. Hakuna kidonge cha kuuondoa. Akaona nimebadilika sura, akaongeza kwamba wengi ubongo unazoea, unaacha kuufuatilia, na kwamba usikivu wangu wa mazungumzo bado uko vizuri, cha kufanya ni kulinda kilichobaki.

Kitu kimoja alisisitiza nami nasisitiza. Ukiamka sikio moja limezima ghafla, limekufa kabisa au limepungua sana bila sababu, usingoje kama mimi miezi miwili, hiyo ni ya kwenda siku hiyo hiyo maana kuna dawa zinazofanya kazi zikiwahi, ukichelewa wiki kadhaa nafasi inapotea.

Nilirudi Arusha nimenyong'onyea. Kwenye kosta dereva kafungulia Bongo Fleva spika iko juu ya kichwa changu, nikahama siti mara mbili, konda ananishangaa. Wiki ile niliuza sabufa. Nilinunua laki mbili na themanini, nikaiachia kwa laki na ishirini kwa kijana wa pale mtaani, na sijui kwa nini niliiuza kwa kweli, sabufa haina kosa, kitufe cha sauti kilikuwa mkononi mwa mtu. Ilikuwa hasira tu. Kwa zaidi ya mwezi sikusikiliza muziki kabisa. Nikafuta programu. Washkaji wakipanga kutoka nasema naumwa tumbo. Nikiangalia nyuma naona ule mwezi ndo ulikuwa mbaya kuliko hata mlio wenyewe, maana nyumba ikiwa kimya mlio unatamba, na mimi nilikuwa nimejifungia kwenye kimya nikidhani napumzisha masikio.

Kilichonitoa ni usingizi. Nilisoma, na daktari alishagusia, kwamba usilale kwenye kimya kabisa, weka kasauti kadogo pembeni, feni, redio chini chini, chochote kisichovuta akili. Feni sina, Arusha mwezi wa sita utaweka feni ufe? Basi nikawasha karedio kadogo ka zamani ka marehemu baba, nikakaweka chini sana, kwenye kituo kinachopiga zilipendwa usiku. Lengo lilikuwa nilale. Kilichotokea ni kwamba usiku wa pili wa tatu hivi nikawa silali, nasikiliza magitaa.

Hebu niambie, umewahi kusikiliza rumba ya zamani sauti ikiwa chini? Mimi nilikuwa nazijua hizo nyimbo za harusi na vipaimara, zile za wajomba wakishalewa. Kuzisikiliza sikuwahi. Kuna gitaa moja linapiga kitu kile kile mwanzo mpaka mwisho halichoki, la pili linalijibu, la tatu linapita juu linachombeza, na besi inatembea chini yao wote na stori yake. Sikiliza besi ya Tom Malanga wa Les Wanyika, unaweza kuifuata peke yake wimbo mzima ukasahau kama kuna mtu anaimba. Na nyimbo hizi hazikutengenezwa zipigwe kwa nguvu. Bendi nyingi za hapa nyumbani zilirekodi studio za Radio Tanzania, wote chumba kimoja wanapiga pamoja, na kilichotoka kikasikilizwa kwenye redio kama hii ya baba, kaspika saizi ya kiganja. Sauti yao ilipangwa itoshe humo.

Ndo nikaanza kufuatilia, na hapo nikakuta kitu ambacho kama mtu wa Arusha niliona aibu kutokijua. Simba Wanyika, bendi tunayodhani ni ya Kenya, ilipita hapa hapa. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, watu wa Tanga, walipiga kwanza Jamhuri Jazz kule kwao, halafu karibu na mwaka 1970 wakaja Arusha wakaanzisha Arusha Jazz. Mwaka 1971 wakavuka kwenda Kenya na huko ndo wakawa Simba Wanyika, na mwaka 1978 wengine wakajitenga ikazaliwa Les Wanyika. George alifariki 1992, Wilson 1995. Yaani mji huu ambao tunaujua kwa hip hop, mji wa X Plastaz waliochanganya rap na uimbaji wa Kimasai mpaka Ulaya wakawajua, mji wa Weusi ambao mmoja wao Nikki wa Pili mwaka 2021 aliteuliwa mkuu wa wilaya, mji huu huu ulikuwa na ndugu hawa wanapiga magitaa usiku na mimi nimekulia humu sina habari. Nilimuuliza mzee mmoja pale Kaloleni anayeshona viatu kama anaikumbuka Arusha Jazz, akaacha kushona kabisa. Nilikwenda kubadilisha soli nikaondoka jioni.

Sasa tuje kwenye mambo ya kufanya, maana sikukaa ndani milele na wala sishauri mtu akae.

Ile hesabu ya kelele kila shabiki aijue. Kipimo ni desibeli. Kwa viwango vya kazini vinavyotumika sana, desibeli 85 sikio linavumilia masaa nane. Kila ukiongeza desibeli tatu tu muda unakatwa nusu, kwa hiyo 88 ni masaa manne, 91 mawili, 94 moja, ukifika 100 ni robo saa. Robo saa! Na pale mbele ya spika 100 inavukwa kirahisi. WHO mwaka 2022 walitoa kiwango cha kumbi na matamasha, wakasema wastani usizidi desibeli 100, na hao hao wanasema vijana zaidi ya bilioni moja duniani wa miaka 12 mpaka 35 wako hatarini kwa usikilizaji huu wetu. Simu yako inaweza kupima, kuna programu za bure, haziko sawasawa kama kifaa cha kitaalamu ila zinakupa picha. Na kama huna programu, kipimo cha bure ni hiki, ukilazimika kumpigia mtu kelele naye yuko urefu wa mkono, hapo pameshazidi.

Kusogea kunasaidia kuliko tunavyodhani. Kwenye uwanja wa wazi kila ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye spika zinapungua kama desibeli sita, na ukirudia ile hesabu ya tatu tatu utaona umejizawadia mara nne ya muda. Mimi sasa nakaa nyuma karibu na meza ya fundi mitambo. Na nikwambie siri, muziki mzuri uko pale, maana fundi anapanga sauti kwa masikio yake yeye, kule mbele tulikuwa tunakula besi tu.

Vizibo vya masikio. Vya sponji vinauzwa maduka ya vifaa vya usalama kazini, pale wanapouza helmeti na reflekta, bei ni buku buku mpaka elfu mbili, na usimwambie muuzaji ni vya disko maana atakucheka. Mwanzo nilivichomeka juu juu nikasema havifanyi kazi. Namna yake ni hivi, mikono iwe safi, unakisokota kizibo mpaka kiwe chembamba, mkono wa pili unaupitisha juu ya kichwa unavuta sikio juu na nyuma kidogo ili njia inyooke, unakiingiza, unakishikilia karibu nusu dakika kivimbe humo ndani. Ukiongea ukasikia sauti yako inavuma kama uko kwenye pipa, kimekaa. Kutoa toa taratibu. Ubaya wa sponji ni kwamba inakata zaidi sauti nyembamba za juu kwa hiyo muziki unakuwa kama uko chumba cha pili. Vipo vya wanamuziki, vya silikoni vyenye kichujio, vinashusha sauti zote karibu sawa, hivyo niliagiza mtandaoni nikalipa elfu sabini na kusubiri mpaka nikakata tamaa, vikaja. Bora kitu nilichonunua mwaka huu, sitanii. Pamba ya kawaida usijidanganye nayo, inapitisha karibu kila kitu.

Hedifoni: sauti isivuke kama nusu na kidogo, na usisikilizie kwenye vifodi wala boda, kwa sababu pale unapandisha sauti kushinda injini na hujui umefika wapi. Zile zinazofunika sikio lote afadhali maana kelele ya nje haiingii sana na huna haja ya kupandisha.

Mwezi wa tisa ndo nilirudi kwenye laivu, kuna mgahawa mmoja mjini, bendi ndogo, watu wanakula, mtu ana gitaa kavu na mwingine ngoma. Nilikuwa na woga jamani, mfukoni nina vizibo, mkononi simu inapima, naonekana kama afisa wa NEMC, wale wa baraza la mazingira, amekuja kufunga baa. (Na hao NEMC tunawalaumu, kanuni za kelele zipo tangu 2015, ila kabla ya mwaka huu na mimi nilikuwa naona wanatuharibia raha.) Ilisoma themanini na kitu. Nikaweka vizibo hata hivyo. Nyimbo mbili tatu nikasahau kama ninavyo, nikasahau na mlio. Narudi Sakina nakagua kichwa, mlio uko pale pale haujapanda. Niliwapigia simu watu saa tano usiku kuwaambia, dada yangu akasema haya, hongera, lala.

Mlio haujaondoka, mtu asije akaniuliza. Kuna siku haupo kabisa akilini mpaka mtu auulize, kama sasa hivi naandika naona umekuja. Nikikosa usingizi unapanda, nikinywa sana unapanda, nikiwa na mawazo unapanda. Mwezi wa pili nataka kwenda Zanzibar, Sauti za Busara, tamasha la tangu 2004 na wanapiga laivu tupu, hela naweka kidogo kidogo kwenye kibubu cha simu. Vizibo nimeshaweka jozi ya akiba kwenye begi, na washkaji wawili ninaokwenda nao nimewanunulia vya sponji, mmoja amesema atavaa, mwingine amesema yeye ni mwanaume.

Vita niliyobaki nayo ni ya kanisani. Usharika wetu ulinunua spika mpya mwaka juzi, kubwa, tulichanga wenyewe, na kwaya ikisimama siku ya Jumapili kijana wa mitambo anazifungulia utadhani tuko uwanjani, watoto wa Sunday school wamekaa mbele ya hizo spika kabisa. Nilipima nikiwa benchi la tatu, ikasoma 97. Nikamfuata mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja muelewa, nikampa stori yangu yote na ule mchoro wangu wa KCMC, akaguswa, akaenda kwa kijana wakashusha. Jumapili ile kwaya iliimba, ile sauti ya nne ya akina baba ikasikika vizuri kwa mara ya kwanza tangu spika zinunuliwe, nikasema Mungu mkubwa. Baada ya ibada wazee wa kanisa wakaitana pale nje, wakamwita na mwenyekiti. Wanasema hawakusikia kitu, spika zimeharibika, na waumini wachange fundi aitwe.